Shamba la Bibi wa Maharage

Kosa langu la kwanza katika nchi ya baba yangu nililifanya kwa kiganja.

Tulikuwa na wiki mbili tu tangu tuvuke mpaka kuingia Burundi kutoka Tanzania, nilikozaliwa katika kambi ya wakimbizi na kukulia humo humo. Mama alinituma soko la Giteranyi nikanunue maharage. Nilimkuta bibi mmoja ameketi nyuma ya gunia lililokunjwa mdomo. Akachota kwa bakuli jeupe la bati, akaongeza na kuongeza mpaka maharage yakafanya kilele, akakizungushia kiganja yasimwagike. Na mimi, bila kufikiri, nikanyoosha mkono nikakipangusa kile kilele chote, kikarudi guniani.

Kambini ndivyo tulivyofanya. Siku ya mgao, mgawaji alichota, akapitisha kijiti juu ya kopo, shwaa, likawa sawasawa na kopo la jirani. Kilele kilikuwa wizi. Maana yake kuna mtu nyuma kwenye mstari atakosa. Mama alinifundisha tangu mdogo: ukijaziwa kupita kiasi, pangusa mwenyewe kabla hujaaibishwa.

Mama mmoja wa kuuza mawese, aliyekaa jirani, akaziba mdomo. "Yoo!"

Bibi aliniangalia kama niliyemtemea mate. "We mtoto, mi nakupa na mkono mzuri, we unanirudishia? Nimekukosea nini?"

"Hapana bibi, niliona imezidi."

"Imezidi? Bakuli iko na kichwa yake. Sasa umeikata kichwa."

Watu wakacheka. Mama wa mawese akasema, "Mwache, huyu ni Mtanzania. Wale walikuwa wanakula na kijiti." Wakacheka zaidi. Mimi nikiwa na aibu huwa natazama miguu yangu, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku ile nakumbuka vidole vyangu na vumbi jekundu. Bibi hakucheka. Alichota upya, kilele kikawa kirefu kuliko cha kwanza, akamimina kwenye mfuko wangu, kisha akatupia konzi moja juu. "Hiyo ni nyongeza. Na uambie mama yako, hapa hatupangusi."

Maharage yale yalitoka kwenye shamba ambalo baba yangu alikuwa akisema ni letu. Siku ile hatukulijua hilo, si mimi wala bibi. Naliandika hapa mwanzoni kwa sababu sitaki mtu anayesoma amsikilize bibi huyu kwa raha, kama nilivyomsikiliza mimi, halafu lije limshtue. Lilikuwepo tangu mwanzo, ndani ya gunia.

Wapo watu wanaosafiri nchi za wengine kwa kupenda. Niliwaona baadaye, wageni wawili waliokuja na kamera zao, wakazunguka soko letu wakitabasamu, wakanunua kikapu, wakapigwa picha karibu na mafungu ya viazi vitamu. Walikosea kila kitu na kila mtu akawasamehe. Mimi nilikuwa mgeni kuliko wao, ila nilikuwa na sura ya hapa, na mwenye sura ya hapa hasamehewi. Nilisalimia vibaya. Niliuliza bei kabla ya kuuliza habari za watoto. Nilipokea kwa mkono wa kushoto. Bibi ndiye aliyenifundisha soko, moja baada ya jingine, tena kwa sauti ya kunifokea.

"Usipite mbele ya mtu kama yeye ni jiwe. Hata kama hununui, sema amahoro."

"Ukipokea, mkono wa kuume. Wa kushoto ushike huu hapa, kwenye kiwiko. Bon. Sasa uko mtu."

Kila siku ya soko nilikwenda hata mama asiponituma. Nilikaa juu ya kijiwe nyuma ya gunia lake. Nilikuwa sizungumzi, na hilo ndilo alilolipenda, nadhani. Wengine walikuwa wananisukuma niseme ili wanisikie Kirundi changu kinavyochechemea. Yeye alisema mwenyewe kwa wawili. Kiswahili chake kilikuwa cha wafanyabiashara wa mjini Muyinga, kilichochanganyika na Kifaransa cha njiani, na alikiona ndicho kizuri. Changu alikiita cha redio. "Sema tena lile neno," alikuwa akiniambia, "lile la ndivyo sivyo." Nikisema, anaangua kicheko mpaka mtandio unamdondoka mabegani.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole kimoja kisichokunjika, kile cha kati, na alikitumia kama mwalimu anavyotumia chaki. Alichambua maharage kwa kidole hicho. Alikuwa akiokota punje moja na kuniambia imetoka sehemu gani ya shamba. Nyembamba yenye mikunjo, juu, karibu na njia, kwenye kokoto. Nene inayong'aa, chini, kwenye udongo mweusi karibu na kijito. "Maharage haijui kusoma," alisema, "lakini inaandika pale ilipolala." Sikuweza kujua kama ni kweli au ananitania. Nilipojaribu kubahatisha nikapatia mara tatu, akaninyamazia siku nzima, kana kwamba nimemwibia.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ulimi mbaya. Waliorudi kutoka Tanzania aliwaita watu wa posho, mbele yao. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni, akashika maharage, akanusa, akaondoka bila kununua, alimfuata kwa maneno mpaka mwisho wa safu: "Nenda! Nenda kapange mstari!" Ila yule mama aliporudi jioni, soko linavunjika, hana tena pa kununua, bibi alimchotea bakuli na kilele, akaongeza konzi, akaongeza nyingine. Na wala hakumtazama usoni. Alichukia watu wanaoshika maharage yake, mimi akaniambia niingize mkono guniani mpaka kiwiko. "Sikia baridi yake. Ikiwa na joto, iko na wadudu." Na siku aliyokuwa na wadudu kweli, aliwaonyesha wateja mmoja mmoja, akipiga kelele kama anayetangaza sifa: "Hii iko na wenyewe ndani! Mwenye kuku achukue!" Mama wa mawese akamwambia, "We bibi utakufa maskini." Akajibu, "Ndiyo, lakini si kwa hesabu yako."

Nyumbani kwake, naambiwa, hakumpa mtu hata maji. Ukarimu wake wote aliubeba sokoni na kuumaliza huko.

Kulikuwa na swali moja alilomwuliza kila mtu aliyerudi, kabla hajachota. "We uko wa mlima gani?" Kwetu Burundi watu huulizana hivyo, mlima ndio anwani ya mtu, kwa hiyo nilidhani ni salamu. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba akiuliza, bakuli linasimama juu ya gunia. Mtu akitaja mlima wa mbali, bakuli linashuka na kuchota. Mimi siku ya kwanza niliulizwa nikajibu, "Wa kambini." Akasema, "Kambi si mlima," na akaliacha hapo.

Mvua za kwanza zilipoanza, nilikuwa nimeshajifunza jina la mlima wetu. Baba alikuwa akilitaja kila jioni. Tulikuwa bado tumepanga chumba Giteranyi centre, na yeye alikuwa akienda kwa wakubwa wa pale kudai shamba, akirudi, akienda. Kwa hiyo bibi aliponiuliza tena, kwa mzaha, "Basi Mtanzania, umeshapata mlima?", nikalitaja kwa fahari. Nikataja na jina la babu yangu.

Bakuli lilisimama. Lilisimama kitambo, mteja akakohoa.

"Nalijua jina hilo," alisema bibi. Kisha akachota, akaweka kilele kama kawaida yake.

Angeweza kunifukuza siku ile. Niliporudi nyumbani nikamwambia baba kuna bibi sokoni anamjua babu, baba akauliza yukoje, nikamweleza kidole. Baba akaweka kijiko chini. "Huyo ndiye anayelima shamba letu," akasema. Na siku ya soko iliyofuata nilikwenda nikijificha nyuma ya mama wa mawese, na bibi akaita, "Njoo ukae. Jiwe lako liko hapa. Mambo ya shamba ni ya wakubwa."

Basi nikakaa. Tangu hapo tulijua wote wawili, na hatukusema.

Hakuliiba lile shamba. Hata baba, hasira zikimshuka, alikubali. Watu walipokimbilia Tanzania, wakubwa wa wakati ule walimgawia marehemu mumewe, fundi cherehani, kwa sababu palikuwa na mashamba bila watu na watu bila mashamba. Alililima tangu kabla mimi sijazaliwa. Akamzika mumewe mjini, akarudi akalima. Baba naye alikuwa na haki. Alizaliwa pale. Alitoka akiwa mtoto amebebwa. Wazee wa mlima, bashingantahe, ambao ndio huketi kusikiliza ugomvi wa majirani, walikaa mara mbili, na mara ya pili wakaonekana kuelekea katikati: sehemu ya juu ya kwetu, sehemu ya chini, kijitoni, ya bibi. Mumewe alipewa ardhi tupu, bibi alisema, na mtu aliyepewa ardhi tupu kwa mkono wa serikali hawezi kuitwa mwizi. Baba hakuwa na shahidi wa kusema haikuwa tupu. Waliokuwa watu wazima wakati ule walikuwa wamekufa au wako mbali. Nusu ilikuwa imeshakaribia kukubaliwa. Mama aliitaka hiyo nusu. Alikuwa amechoka chumba cha kupanga.

Kosa la pili nililifanya kwa kalamu.

Siku moja mvua ilitukuta sokoni. Watu wakakimbilia chini ya mabati, sisi tukabaki tumejifunika turubai, mimi na bibi na gunia kati yetu. Maji yalikuwa yakipiga juu ya vichwa. Labda kwa sababu hatukuonana nyuso, akaanza kusema, taratibu, bila kufoka.

"Tulipofika kule, kulikuwa na migomba bado. Na mafiga matatu, yamekaa vizuri, na majivu katikati. Mvua ilikuwa haijaondoa majivu. Mume wangu akasema tuyatupe. Mi nikakataa. Nilipika juu yake. Miaka yote niko napika juu ya mafiga ya bibi yako. Kila nikipika najiambia, huyu mama atarudi ataniuliza: umeniunguzia sufuria yangu ngapi?" Akacheka kidogo. "Sasa amerudi. Amekutuma wewe, na huulizi kitu."

Nilimshika mkono, ule wa kidole kilichonyooka, na yeye akauacha nikaushika mpaka mvua ikakatika.

Jioni nikaandika yote daftarini. Sikuandika kwa ubaya. Niliandika kwa sababu kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuambiwa, na sikuwa na rafiki wa kumwambia. Niliweka maneno yake kama alivyoyasema, na Kiswahili chake, na majivu.

Baba alikuwa anatafuta karatasi ya kuandikia barua. Nilipotoka shule nilimkuta amekaa kitandani kwangu na daftari limefunguka magotini. Hakuwa na hasira. Alikuwa analia.

"Mafiga ya mama yangu," alisema. Halafu, akijifuta, "Hapakuwa patupu. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza."

Nilimwambia, "Baba, aliniambia mimi." Hakuelewa nilichotaka kusema, na mimi sikukieleza. Hapo ndipo ninapopatazama kila mara. Nilikuwa na muda. Kutoka siku ile mpaka kikao cha tatu cha wazee palikuwa na siku nne. Ningeweza kulichoma lile daftari. Ningeweza kwenda sokoni nikamwonya. Sikwenda sokoni kabisa wiki ile, nilisema nina homa.

Wazee waliketi kwenye nyasi, fimbo zao mbele yao. Baba akatoa daftari. Mmoja wao, mwenye koti la mvua, akasema maandishi ya mtoto si neno mpaka mtoto mwenyewe ayaseme. Nikaitwa. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jina langu natetemeka, nilisimama mbele ya mlima mzima nikasoma. Sauti yangu haikukatika hata mara moja. Sijui ilitoka wapi, na hadi leo naichukia kwa kutokatika kwake.

Mzee wa koti akamgeukia bibi. "Umesikia. Mtoto anaweza kujitungia. Anaweza kufundishwa na baba yake. Wewe sema tu, ulisema au hukusema?"

Alikuwa amefunguliwa mlango, wazi kabisa. Kila mtu aliuona. Mama yangu, aliyekuwa kando, alinong'ona, "Sema hukusema," akimwambia bibi, si mimi, midomo tu ikicheza.

Bibi alinitazama. "Nilisema. Hakuongeza hata chumvi."

"Kwa hiyo mlikuta makao ya mtu."

"Tulikuta majiko ya mtu."

Mzee akagonga fimbo chini. Wakajitenga, wakarudi upesi. Shamba lote lilirudi kwetu, juu mpaka kijitoni. Bibi akapewa muda wa kuvuna kilichokuwa ardhini. Alishukuru kwa kupiga makofi mawili ya taratibu, kama desturi inavyotaka, akainuka, akaniambia nilipokuwa natazama miguu yangu, "Umesoma vizuri. Mwalimu wako anafanya kazi." Hakuwa ananidhihaki. Ningeona nafuu kama angenidhihaki.

Alivuna, akaondoka kwenda kwa mdogo wake, kule Bukirasazi. Mahali pake sokoni alikaa mwuza ndagala, dagaa wa ziwani.

Yaliyofuata ni mafupi. Baba yangu hakujua kulima. Si lawama. Alikulia mahali ambapo chakula hushushwa kutoka kwenye lori. Msimu wa kwanza tulipanda maharage mpaka kijitoni, maji yakatuama, yakaoza yote ya chini. Msimu wa pili hivyo hivyo. Wa tatu tulipata ya juu, membamba, yenye mikunjo. Majirani walipita njiani wakasema amahoro na hawakusema zaidi. Kabla ya wa nne, baba akaliuza kwa mfyatua matofali wa mjini aliyeutaka ule udongo mweusi. Kwa malipo hayo tulipata nyumba ndogo centre, baba akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, na mimi nikapelekwa shule ya bweni huku Gitega, mtaa wa Mushasha. Sare niliyovaa ninapoandika hapa imetoka kwenye udongo ule. Nilipopita likizo ya mwisho palikuwa shimo, na tanuri mbili zinafuka moshi.

Mwezi uliopita walituruhusu kwenda soko la Gitega kununua sabuni. Soko la hapa ni kubwa, na mimi bado ni yule yule, natembea kando ya ukuta. Wenzangu walikuwa wametangulia kwenye viatu. Nikasikia, "We! Mtanzania! Unapita kama mi ni jiwe?"

Alikuwa ameketi nyuma ya vifungu vya maharage vilivyopangwa juu ya gunia, vidogo. Amekonda. Jicho moja limeingia ukungu. Nilichuchumaa, nikasalimia kwa utaratibu wote: habari ya nyumbani, ya mdogo wake, ya watoto wa mdogo wake, ya safari kutoka Bukirasazi. Alifurahi kwa utaratibu ule. Akamwambia jirani yake, "Huyu mi ndiye nilimfundisha." Nikatafuta maneno niliyokuwa nimeyaweka tayari kwa miaka mitatu. Nilianza, "Bibi, siku ile mbele ya wazee…"

"Acha iyo. Iliisha." Akasogeza gunia nikae. "Baba yako?"

"Yuko salama."

"Mama?"

"Salama, bibi."

Akainama kidogo, akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Na kule? Mmepanda nini?"

Nilimwona usoni jinsi alivyosubiri. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, fupi.

"Maharage," nikasema.

"Maharage!" Akapiga paja. "Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

"Oya, hapana, mwana wanje, baba yako atakosea! Chini kunakaa maji mwezi wa nne. Mi nililia miaka miwili kabla sijajua. Sikia." Akafuta nafasi juu ya gunia, akasogeza vifungu vya maharage kando, akaanza kuchora kwa kidole. Hapa njia. Hapa kijito. Hapa mfereji, si mrefu, unaanzia penye parachichi na kwenda mshazari, si moja kwa moja, ukienda moja kwa moja udongo wote unaondoka. Chini ya mfereji weka magimbi, yanapenda miguu yao ikae majini. Juu ya mfereji tuta za maharage. Juu kabisa kwenye kokoto mihogo, usibishane na kokoto. Na kwenye kichuguu usilime, waache wale mchwa, wakihama wanahamia nyumbani.

Wenzangu walikuwa wananiita. Sikugeuka.

"Utasahau," alisema. "Rudia."

Nikarudia. Mfereji, penye parachichi, mshazari. Magimbi chini. Kidole chake kilinifuata juu ya gunia, na kila nilipopatia alitikisa kichwa, jicho lake zima likiwa limejaa furaha, na mimi nikaendelea, nikapanda shamba lote lile kwa mdomo, kutoka kijitoni kupanda juu.

"Juu ya mfereji, tuta mbili za maharage," nikasema.

"Oya. Tatu. Mwambie baba yako tatu, ardhi inatosha."

"Tatu, bibi," nikasema. "Nitamwambia."